Ukimulikwa taa na polisi Minnesota: jinsi ya kusimama

Ninafundisha udereva hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na wanafunzi wangu wengi ni wageni kutoka kwetu Kenya. Sijapata mwanafunzi aliyetaka kumkimbia polisi, ila nimepata wengi ambao gari lao lilionekana kama linakimbia. Kwetu askari anasimama mbele yako, anainua mkono, unaegesha. Huku anatokea nyuma na taa zake nyekundu na buluu, na kitu pekee anachokiona ni gari lako linavyomjibu.

Hatua ya 1: Toa mguu kwenye mafuta
Papo hapo. Kifungu cha 609.487 cha sheria za Minnesota kinasema kukimbia ni kuongeza mwendo, kuzima taa za mbele au za nyuma, kukataa kusimama au kutumia mbinu nyingine, kwa nia ya kumkwepa askari aliyekupa ishara. Ukiwa na gari, hilo ni kosa kubwa la jinai: kifungo cha hadi miaka 3 na siku 1 (ndiyo, siku moja, imeandikwa hivyo), faini ya hadi dola 5,000, au vyote viwili. Mtu akifa katika kukimbia huko, kifungo kinaweza kufika miaka 40.

Hatua ya 2: Indiketa ya kulia, kisha sogea
Hata kama uko leni ya kushoto kabisa kwenye barabara kuu ya I-94, vuka taratibu mpaka kando ya kulia. Kama ni darajani au hakuna nafasi, washa hazadi (taa za tahadhari), punguza mwendo, simama mahali salama pa kwanza. Si nyumbani kwako. Mwaka 2020 huko Arkansas, mama mjamzito alipunguza mwendo na kuwasha hazadi akitafuta pa kutokea. Askari akaligonga gari lake kwa nyuma, likapinduka. Alishtaki, kesi ikaisha kwa maafikiano, lakini mimi nisingependa mwanafunzi wangu ashinde kwa njia hiyo. Kukiwa na nafasi, itumie.

Hatua ya 3: Ukishuku si polisi
Sheria inamwangalia dereva aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba huyo ni askari. Kama gari halina alama, piga 911, nambari ya dharura, kwa spika huku hazadi zikiwaka, taja barabara na unakoelekea, uliza kama ni askari wa kweli. Wakithibitisha, simama.

Hatua ya 4: Kaa ndani
Zima injini, shusha kioo, usiku washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Mwaka wangu wa kwanza niliruka nje na leseni mkononi, kama nilivyozoea Thika Road. Nilirudishwa ndani kwa kipaza sauti, na magoti yalitetemeka mpaka jioni. Lakini askari akikuamuru utoke, toka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa uwezo huo tangu 1977, katika kesi ya Pennsylvania v. Mimms.

Bima ikiwa kwenye droo ya dashibodi, sema kwanza ndipo unyooshe mkono. Na noti ya “chai” isikae hata karibu na leseni. Hiyo ni kesi nyingine, nayo ni nzito.

Hatua ya 5: Usiondoke mpaka uambiwe
Akikuruhusu, indiketa ya kushoto, kioo, geuza shingo uangalie, kisha ingia barabarani polepole.