Vile ya kutoa sadaka ukiwa umesota

Mwezi umeisha, kodi ya nyumba huku Kayole bado, na kanisani wanasema panda mbegu, yaani toa sadaka ubarikiwe. Fanya hivi: kabla ya Jumapili toa kando kodi, unga, nauli na pesa ya mzazi wako kule ushago. Hiyo ya mzazi usiruke, maana kwa Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali ni Korbani, yaani imewekewa Mungu, wakaacha kusaidia baba na mama.

Kinachobaki, hata kama ni shilingi ishirini, toa. 2 Wakorintho 8:12 inasema mtu hukubaliwa kwa alicho nacho, si kwa asicho nacho, kwa hivyo kukopa Fuliza ya M-Pesa utoe sadaka hapana, hilo ni deni tu na lina ada.

Na ukiwa huna kabisa nenda kwa mzee wa kanisa ama mama wa kikundi umwambie wazi, usione haya, kwa sababu kwa Kumbukumbu la Torati 14:28-29 zaka ya mwaka wa tatu ilikuwa ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Wakikuambia eti huna imani, tafuta kanisa lingine, Nairobi yako mengi.