Programu yako ya kuhifadhi data imeachwa? Namna ya kuchagua nyingine

Hapa Lubumbashi bado naletewa kompyuta zenye Microsoft Works, programu ya zamani ya kazi za ofisi ambayo toleo lake la mwisho, la 9, lilitoka mwaka 2007. Wenye Mac huja na Bento, programu ya kuhifadhi data iliyosimamishwa mwaka 2013. Ndani yake mna majina ya wateja, hesabu za likelemba (mchango wa kupokezana), orodha za vitabu vya parokia. Programu bado inafunguka, kwa hiyo mwenyewe hana wasiwasi. Lakini siku kompyuta ile ikifa, hutapata pa kuisakinisha tena.

Tuchukue mfano wa mama mshonaji wa Kamalondo: jina la mteja, simu, vipimo, avansi (malipo ya awali), deni, tarehe ya kuchukua nguo.

Hatua ya 1: toa data kabla ya kuchagua chochote

Nakili faili la zamani kwenye flashi, kisha ufanye kazi na nakala tu. Kama ni Works, jaribu kulifungua faili la .wdb kwa Calc, programu ya majedwali iliyo ndani ya LibreOffice. Mara nyingi linakubali moja kwa moja. Programu nyingine, tafuta kwenye menyu namna ya kuhifadhi kama CSV (faili la maandishi ambamo alama kama mkato hutenganisha safu) au maandishi matupu. Fomu nzuri ulizochora hazitakuja. Zisikuumize kichwa, utachora nyingine.

Hapa ndipo data nyingi huharibika, basi twende polepole. Kompyuta zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa desimali huandikwa kwa mkato: kiuno 92,5. Ukitenganisha safu kwa mkato pia, 92 itabaki kwenye kiuno na 5 itarukia safu ya mapaja. Tumia nukta-mkato au tabo.

Unapofungua CSV kwa Calc, dirisha la kuingiza maandishi linatokea. Usibonyeze OK haraka. Chagua UTF-8 (namna kompyuta inavyohifadhi herufi); ukiona Hélène amegeuka HÃ©lÃ¨ne, hukuchagua sawa. Bonyeza kichwa cha safu ya simu, uifanye Texte, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea na namba ya tarakimu 10 inabaki na 9. Safu ya tarehe iwe Date (JMA), yaani siku, mwezi, mwaka, maana 03/04 ikisomwa kwa mtindo wa Marekani, nguo ya tarehe 3 Aprili itakuwa ya tarehe 4 Machi, na mteja atakuja kukupigia kelele.

Hatua ya 2: hesabu

Idadi ya mistari ya zamani ilingane na ya mpya. Kisha chukua wateja wachache, wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho, uwalinganishe neno kwa neno. Picha kwa kawaida haziingii kwenye CSV: ziweke kwenye folda, na jina la kila picha uliandike kwenye safu yake.

Hatua ya 3: sasa chagua

Swali langu la kwanza kwa programu yoyote: nikitaka kuondoka, nitatokaje na data zangu? Ikiwa jibu halieleweki, naiacha, hata iwe na rangi za kupendeza.

Mwenye jedwali moja tu, abaki na Calc. Nasema hivi ingawa wengine wananicheka. Mama mshonaji hahitaji zaidi mpaka atakapotaka kuandika nguo nyingi kwa mteja mmoja.

Akifika hapo, ahitaji majedwali mawili yanayoshikana, kuna Base ya LibreOffice. Ina fomu na haina malipo. Ila kwa kawaida huweka kila kitu ndani ya faili moja la .odb, ambalo kwa kweli ni zip, faili lililobanwa. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yako imo hatarini. Kwa delestaji zetu za umeme, mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri afikirie mara mbili.

Mimi naelemea SQLite, programu ya kuhifadhi data iliyoanza mwaka 2000. Haina mwenyewe wa kudai leseni, na watengenezaji wake wameahidi kuitunza hadi mwaka 2050. Imejengwa ili faili lisivurugike umeme unapokatika katikati ya kuandika. Utaiendesha kwa DB Browser for SQLite, programu nyingine inayopokea CSV yako. Kila ukibadilisha kitu bonyeza Ctrl+S, vinginevyo mabadiliko hayajaandikwa. Ubaya wake: haina fomu za kupendeza kama za Base.

Zile za mtandaoni kama Airtable ni nzuri kwa watu wanaoandika pamoja toka sehemu mbalimbali. Lakini mega za intaneti zikiisha, vipimo vya mteja aliyesimama mbele yako huvioni.

Hatua ya 4: ziende pamoja

Andika wateja wapya kwenye programu zote mbili, ya zamani na mpya, mpaka mwisho wa mwezi. Inachosha, najua. Likizo za Desemba zikikaribia usianze kabisa. Subiri wateja wa sikukuu wapungue. Ukiridhika, toa CSV mpya kila mwisho wa mwezi, uiweke kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, si ndani ya mfuko wa kompyuta ileile.