Sato au kambale: amua kabla hujachimba bwawa

Kila mavuno ya alizeti yakishauzwa, simu zinaanza kuingia kutoka Bahi na Chamwino, wilaya za Dodoma. "Kaka, nataka vifaranga vya samaki." Vya samaki gani? "Wowote tu." Hapo ndipo pesa ya alizeti inapozama. Sato (wengine humwita perege) na kambale hawafanani hata kidogo, na kwa ukame wetu huu, kosa la kuchagua hugharimu kuliko kosa la kulisha.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji

Mvua yetu huanza Desemba na kukata Aprili. Miezi mingine yote ni kisima na bili ya pampu. Jiulize: mwezi wa Septemba nitaweza kubadilisha maji ya bwawa? Kama huwezi, sato atakusumbua. Yeye hupumulia matamvua tu, anategemea hewa iliyomo majini. Kambale ana kiungo cha ziada karibu na matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi, ndiyo maana anastahimili maji mazito ya tope. Lakini usimwonee, maji yakinuka, naye huacha kula.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma alfajiri

Nenda bwawani kabla ya jua. Ukikuta sato wamejaa juu, midomo wazi, wanatwetatweta, hewa imeisha majini. Usiwape chakula asubuhi hiyo, ingiza maji mapya mara moja. Kambale akipanda, akavuta pumzi moja na kuzama, hana shida yoyote. Ndivyo alivyo.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa sato ndiye mwenye huruma. Anakula mwani na vijidudu vya majini, kwa hiyo jaza samadi kavu kwenye kiroba, kining'inize pembeni mwa bwawa mpaka maji yawe kijani. Zamisha mkono wima: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, rutuba inatosha. Kikipotea mapema zaidi, toa kiroba. Ongezea pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga. Protini ya asilimia 30 hivi inamtosha. Juni na Julai, usiku wa baridi humkata hamu, basi mlishe jua likishapanda.

Kambale anataka nyama. Protini asilimia 35 hadi 40, na mashudu peke yake hayafiki huko. Uliza bei ya dagaa kwanza.

Hatua ya 4: Uzazi

Jike la sato hulea mayai mdomoni, na akiwa na miezi michache tu ameanza kuzaa. Bwawa linajaa watoto wanaogombania chakula, wote wanadumaa. Nunua vifaranga madume watupu, au pandikiza kambale wachache, wadogo kuliko sato wako, wawale hao watoto.

Kambale kwa kawaida hazai bwawani. Wazalishaji humchoma homoni ili atage, hivyo kila msimu utanunua upya. Na anakula ndugu zake! Mara yangu ya kwanza nilipokea vifaranga vya saizi mchanganyiko, nikaona nimepata bahati. Mwezi wa pili walikuwa wachache, wanene sana. Sasa nawachambua kwa ukubwa kila wiki mbili.

Hatua ya 5: Mteja

Tembeza swali mtaani kabla ya kununua. Wasabato hawali kambale, kwa kuwa hana magamba. Sato wa kukaanga hana mgomvi. Kambale aliyekosa mnunuzi unamkausha kwa moshi, unamuuza taratibu.

Ukimchagua kambale, zungushia bwawa wavu au ukuta mfupi mapema. Ardhi ikilowa anatambaa na kuondoka. Mvua ya kwanza ya Desemba, jirani yangu aliniokotea watatu kwenye njia ya mbuzi. Akanirudishia wawili.