SOMO: Zeituni, alizeti, nazi, mawese na samli: namna ya kuchagua, kupima na kupikia

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa swali moja: "Nianze kunywa kijiko cha mafuta ya zeituni asubuhi ili moyo uwe salama?" Nimejibu mpaka nimechoka. Naweka kila kitu hapa, na atakayeuliza tena nitamleta huku. Nafanya kazi ya lishe na wagonjwa wa presha na kisukari, kwa hiyo jambo hili naliona kila siku.

Hatua ya 1. Toa mafuta yote yaliyomo jikoni, panga mezani. Samli na siagi pia ni mafuta.

Hatua ya 2. Soma lebo. Ukikuta maneno "partially hydrogenated", usinunue tena. Hayo ni mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani, na hubeba mafuta ya transi, yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya na kushusha ile nzuri. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi tangu 2018 ziyaondoe kabisa kwenye chakula.

Hatua ya 3. Pima kwa kijiko. Usimimine kwa kukadiria macho. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kilokalori 120, yawe ya zeituni au alizeti.

Hatua ya 4. Badilisha, usiongeze. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, tafadhali someni taratibu. Mtu anakula chapati za samli asubuhi, wali wa nazi mchana, samaki wa kukaanga usiku, halafu juu yake anakunywa kijiko cha zeituni kama dawa. Hakuna alichopunguza, ameongeza kilokalori 120 tu. Faida ya zeituni inaonekana inapokaa *mahali pa* mafuta yanayoganda (kwenye lebo huandikwa "saturated fat"). Hesabu yenyewe ni hii: kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina kama gramu 12 za mafuta hayo, samli kama 8, mawese kama 7, zeituni kama 2, alizeti chini ya 2. Vijiko viwili vya mafuta ya nazi vimeshamaliza siku yako.

Utafiti ambao watu wanautaja bila kuusoma ni PREDIMED wa Hispania, wenye washiriki zaidi ya 7,000 waliokuwa hatarini kupata ugonjwa wa moyo. Ulichapishwa 2013, ukaondolewa kwa sababu ya dosari katika kuwagawa washiriki, ukachambuliwa upya na kuchapishwa tena 2018, na matokeo hayakubadilika sana: waliopewa zeituni walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha magonjwa hayo pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko walioshauriwa kupunguza mafuta. Lakini walipikia na kumwagia kwenye mboga, katika mlo wenye kunde, samaki na matunda.

Tahadhari:
- Ukipunguza samli ukaweka soda na maandazi badala yake, hujapata kitu.
- Usiache dawa za presha au za lehemu kwa sababu umenunua zeituni.
- Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kijiko cha zeituni "kulainisha choo". Ni maziwa ya mama tu, na choo kikiwa kigumu mpeleke kliniki.

Hatua ya 5. Hifadhi gizani, mbali na jiko, kifuniko kimefungwa.

Hatua ya 6. Kaanga kwa moto wa kati. Yakianza kutoa moshi, zima.

Karibuni kwa maswali.

---

Mdau wa Mbagala: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Kwa kifupi ninywe asubuhi au usiku?

Mleta somo: Soma Hatua ya 4.

Mdau wa Mbagala: Ila kabla ya kula au baada?

Mleta somo: Hatua ya 4, ndugu yangu.

Mama wa Pangani: Shikamoo. Sisi bila nazi chakula hakiliki. Tuache?

Mleta somo: Marahaba mama. Msiache. Mafuta mengi yako kwenye tui zito. Wali upikie tui jepesi, tui zito liwe la mchuzi wa siku maalumu. Na siku ya wali wa nazi samaki mchome, usimkaange, kisha mchicha uwe mwingi sahanini. Hapo umepunguza mafuta bila kuua ladha ya nyumbani.

Mjukuu wa Bibi: Babu yangu alikula samli maisha yake yote akafika miaka 93. Hizi ni propaganda za kuuza mafuta ya wazungu.

Mleta somo: Alizeti inalimwa Singida, na nimeiweka pamoja na zeituni. Hakuna mahali nilipoandika samli ni sumu. Nimeandika gramu. Kama una hesabu tofauti, ilete tuijadili.

Mwisho wa Reli: Kigoma tunayachoma mawese kwanza mpaka rangi nyekundu ipotee, ndiyo tunapikia. Kuna tatizo?

Mleta somo: Swali zuri sana. Ile rangi nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya watoto. Mkiichoma ikaisha, mnabaki na mafuta ambayo karibu nusu yake ni ya kuganda, na kilicho bora kimekwenda na moshi. Tumieni yakiwa mekundu, kidogo, kwenye maharage au kisamvu.

Fundi Chipsi: Nasikia zeituni ikipata moto inageuka sumu.

Mleta somo: Si kweli. Ile ya "extra virgin" huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 190 hadi 210 hivi, na samaki huiva kwenye 170 au 180. Shida ni bei. Kaangia alizeti, zeituni mwagia kwenye kachumbari. Na angalia chupa: "extra virgin" ni ya kukamua, asidi yake haizidi asilimia 0.8, "pomace" hutolewa kwenye makapi yaliyobaki baada ya kukamua. Ile chupa ndogo ya duka la dawa iliyoandikwa ni ya kupaka, ipake.

Fundi Chipsi: Niliyonunua inawasha koo. Imeharibika?

Mleta somo: Hapana, hiyo ni dalili nzuri. Kinachowasha ni oleokanthali, na hupatikana kwenye mafuta yaliyokamuliwa vizuri. Iliyoharibika inanuka kama karanga za zamani.

Mama Ntilie: Mimi mafuta niliyokwisha kukaangia nayachuja kwa kitambaa yakishapoa, masalia yasiungue kesho yake. Ila yakifanya povu na kunata nayamwaga.

Mleta somo: Ahsante dada, wengi waige hapo. Na msiyaongezee mapya juu ya yaliyochakaa. Yale ya zamani yanayaharibu mapya upesi.

Mwanafunzi wa Rungwe: Huku zeituni hatuimudu, lakini parachichi zipo tele. Zinafaa?

Mleta somo: Zinafaa sana. Sehemu kubwa ya mafuta ya parachichi ni asidi oleiki, ileile iliyojaa kwenye zeituni, na unapata nyuzinyuzi juu yake. Ponda, kamulia ndimu, paka mkate badala ya siagi.