Namna ya kufuatilia taarifa za kikazi za walimu, na kujua waraka upi bado unatumika

Hivi karibuni nilikaa na mwalimu mwenzangu jioni tatu mfululizo tukipanga upya nyaraka zake za kuhuisha leseni ya ualimu. Alikuwa ameshazikusanya zote mapema, kwa kufuata orodha iliyokuwa kwenye waraka aliotumiwa na rafiki. "Mwalimu, huu si wa kughushi, tazama muhuri," aliniambia. Na kweli haukuwa wa kughushi. Nembo, sahihi na muhuri vyote vilikuwa halali. Shida ni kwamba ulikuwa umefutwa na waraka mwingine uliotoka baadaye, na fomu aliyoijaza kwa uangalifu haikuwa ikipokelewa tena.

Tangu siku hiyo nimeshaulizwa jambo hilohilo na walimu wengine, ndiyo maana naandika hatua hizi. Zinamfaa mwalimu mwenye cheti na usajili, popote afundishapo. Ukiwa na simu yenye intaneti unaweza kufanya karibu zote, ila hatua ya 3 na ya 4 naomba uzifanye kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Andika nani anaamua nini

Chukua karatasi. Orodhesha chombo kinachosajili walimu na kutoa leseni, mwajiri wako, wizara au mamlaka ya elimu, chombo cha mitaala, chombo cha mitihani na chama chako cha walimu. Kwingine chombo kimoja hubeba kazi mbili au tatu kati ya hizi. Mbele ya kila jina andika jambo ambalo neno lake ndilo la mwisho: leseni, uhamisho, kupanda daraja, mihtasari ya masomo, kalenda ya mitihani.

Chama cha walimu hakipangi masharti ya leseni, lakini mara nyingi ndicho kinachoyaeleza kwa lugha inayoeleweka. Soma maelezo yake, kisha rudi kwenye waraka wenyewe.

Hatua ya 2: Barua pepe moja ya kazi, iliyo yako

Usitumie anwani uliyopewa na shule. Ukihamishwa, inabaki nyuma pamoja na kila taarifa inayotumwa humo. Fungua ya kwako, kisha ingia kwenye akaunti yako ya usajili wa walimu na uhakikishe kwamba anwani na namba ya simu vilivyomo ni vya leo. Walimu wengi walijisajili kwa namba ambayo hawaitumii tena, na vikumbusho vya leseni vinaendelea kwenda huko.

Hatua ya 3: Taarifa zikufuate wewe

Tovuti ikiwa na RSS, itumie. RSS hukuletea kila tangazo jipya kwa mpangilio wa tarehe, bila mtu mwingine kukuchagulia uone lipi. Mimi natumia Thunderbird, programu ya kompyuta, kwa sababu inasoma RSS na barua pepe mahali pamoja, haina malipo, na matangazo yanabaki kwenye kompyuta yangu.

Tovuti nyingi za serikali hazina RSS. Kwa hizo, weka nyongeza ya kivinjari inayochunguza ukurasa na kukuarifu ukibadilika. Distill ni mojawapo. Iambie ichunguze orodha ya nyaraka peke yake, usiiache kwenye ukurasa wa mwanzo, maana huko picha hubadilika kila siku na utachoka na arifa hadi uzizime.

Google Alerts, huduma inayokutumia barua pepe neno ulilochagua likitokea kwenye kurasa mpya, ninaitumia kwa jina la chombo cha usajili tu, likiwa ndani ya alama za kunukuu, na nimechagua niletewe mara moja kwa wiki. Wiki ya tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, itajaa hotuba na salamu. Siku hiyo imeadhimishwa tangu 1994, kukumbuka Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani la 1966 kuhusu hadhi ya walimu. Lenyewe linafaa kusomwa, kwa kuwa linagusa haki ya mwalimu kujiendeleza kikazi. Ila wiki hiyo angalia sana usipitwe na tangazo la kweli lililozama katikati ya salamu.

Makundi ya WhatsApp sishauri uyategemee. Ni mazuri kwa kujua kwamba kuna jambo limetokea. Kuhusu jambo lenyewe, nenda kwenye chanzo.

Hatua ya 4: Waraka huu unatumika leo?

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipopoteza karibu Jumamosi nzima, na ndipo mwenzangu alipopoteza zaidi. Walimu wengi huishia kwenye swali la kwanza, "ni halali?", na wakipata jibu la ndiyo wanaanza kazi. Waraka halali na waraka unaotumika ni vitu viwili. Kila waraka uliofutwa ulikuwa halali siku ulipotoka.

Anza na chanzo. Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili umeshapita kwenye mazungumzo matano au zaidi tangu kwa aliyeutuma mara ya kwanza. Hilo haliufanyi kuwa uongo, ila linakuonyesha kwamba aliyekutumia si mwenye habari. Usimwulize "ni kweli?", maana atasema ndiyo. Mwulize "umeupata wapi?"

Ukipewa kiungo, soma anwani kabla ya kusoma maneno. Tazama sehemu iliyo kati ya https:// na mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, ukianzia mwisho wake. Anwani kama wizaraelimu.example.com ni mali ya mwenye example.com, hata kama neno wizara limetangulia. Nchi nyingi zimetenga kikoa cha serikali, kama .go au .gov, kabla ya herufi mbili za nchi. Na alama ya kufuli kwenye kivinjari isikutulize: inaonyesha tu kwamba mawasiliano yako yamefichwa njiani, haithibitishi mwenye tovuti ni nani.

Sasa tafuta tarehe, na kumbuka zinaweza kuwa tatu: siku uliposainiwa, siku ulipowekwa mtandaoni, na siku masharti yanapoanza kutumika. Inayokuhusu ni ya tatu, na kwa kawaida imo ndani ya aya, mbali na kichwa cha barua. Tarehe iliyo kwenye jina la faili iache kabisa. Mara nyingi ni siku mtu alipolipakua au kulichanganua (kuliskani).

Kisha fanya kile ambacho laiti ningekijua mapema. Waraka wa zamani hauwezi kukuambia kwamba umefutwa. Aliyeuandika hakujua yatakayokuja. Anayejua ni waraka mpya, ambao kwa kawaida hutaja ule wa zamani kwa namba yake ili kuufuta au kuurekebisha. Kwa hiyo nakili kumbukumbu namba ya waraka ulio nao na uitafute kwenye tovuti ya chombo husika. Kwenye Google andika site: ikifuatiwa, bila nafasi, na anwani ya tovuti hiyo, halafu kumbukumbu namba ndani ya alama za kunukuu. Ukiona hati ya baadaye inayoitaja pamoja na maneno kama "unafuta", "unachukua nafasi ya" au "marekebisho ya", umefika.

Usipoona kitu, usifurahi bado. Nyaraka nyingi huchanganuliwa kama picha, na maneno yaliyo ndani ya picha huenda injini ya utafutaji isiyaone. Ndivyo ilivyonikuta. Waraka wa zamani ulikuwa juu kabisa ya matokeo, kwa kuwa kurasa nyingi zilikuwa zimeuunganisha kwa miaka. Ule mpya ulikuwa picha tupu yenye jina la faili lisilosema chochote. Niliupata nilipofungua orodha ya nyaraka za mwaka mmojammoja na kuipitia kwa macho, kuanzia mwaka wa waraka wangu hadi leo. Inachosha, lakini ifanye.

Ukishaupata mpya, soma na haya:

- Je, unafuta wote au aya chache? Nyongeza ikibadilisha aya moja, zilizobaki bado zinakuhusu. Weka hati mbili kando kwa kando na uandike mabadiliko kwa kalamu kwenye nakala ya zamani.
- Je, kuna kipindi cha mpito? Aliyewasilisha maombi kabla ya tarehe fulani anaweza kuruhusiwa kuendelea na masharti ya zamani. Sehemu hii huwekwa karibu na mwisho, mahali ambapo wengi wameshaacha kusoma.
- Je, ni rasimu? Ukikuta maneno "rasimu" au "kwa maoni ya wadau", usijaze fomu yoyote kwa kuifuata.
- Je, unakuhusu wewe? Angalia kama ni wa msingi au sekondari, shule za umma au binafsi, ajira ya kudumu au mkataba.

Waraka ukionekana kupingana na sheria au kanuni, sheria ndiyo iliyo juu. Usiamue peke yako. Uliza kwa maandishi. Mimi hutuma barua pepe yenye swali moja tu, kwa sababu ukiuliza manne utajibiwa moja:

"Je, Waraka Na. … wa tarehe … bado unatumika kwa mwalimu wa … anayehuisha leseni mwaka huu? Kama umefutwa, naomba kumbukumbu namba ya uliochukua nafasi yake."

Jibu la simu ni zuri kwa haraka, lakini baada ya miezi sita hakuna wa kulithibitisha. Hifadhi jibu la maandishi pamoja na waraka.

Hatua ya 5: Hifadhi faili, usihifadhi kiungo

Viungo hufa tovuti zinapotengenezwa upya. Pakua PDF, ipe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku ya kuanza kutumika, kwa mfano 2024-03-01, kisha chombo na mada. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa tarehe. Uliofutwa usiutupe, uhamishie kwenye folda ya "zilizofutwa". Siku ukiulizwa kwa nini ulifanya hivi miaka mitatu iliyopita, ndio utakaokutetea. Kama ukurasa umeshatoweka, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, huenda nakala yake ipo.

Hatua ya 6: Mafunzo endelevu kazini

Tengeneza jedwali lenye tarehe, mada, mtoaji, saa au pointi, na mahali cheti kilipo. Kabla ya kulipia mafunzo, thibitisha kwamba mtoaji yumo kwenye orodha ya chombo cha usajili iliyopo sasa, kwa njia ileile ya hatua ya 4. Ukipokea cheti, kisome papo hapo: jina lilingane na la kwenye rejista herufi kwa herufi, saa zitajwe, tarehe iwepo. Kosa la jina hurekebishwa kwa urahisi wiki ileile. Baada ya miaka miwili mratibu ameshahama.

Tangazo likiahidi kukufundisha kumpa kila mwanafunzi somo kwa "mtindo wake wa kujifunza", fikiri mara mbili. Mapitio ya utafiti yaliyoongozwa na Harold Pashler mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuingiza njia hiyo darasani. Madai kama haya unaweza kuyachunguza mwenyewe kwenye ERIC, hifadhi ya utafiti wa elimu ya serikali ya Marekani, ambayo ni ya bure. Chagua makala zenye matini kamili na zilizopitiwa na wataalamu.

Hatua ya 7: Dakika ishirini, siku moja kwa wiki

Mimi nimechagua Ijumaa baada ya vipindi. Nafungua Thunderbird, napitia arifa za kurasa zilizobadilika, napakua kilicho kipya na kukipitisha kwenye hatua ya 4. Tarehe ya mwisho yoyote naiandika kwenye kalenda ya simu mara mbili: siku yenyewe, na wiki sita kabla yake. Kwa leseni ninaweka miezi sita kabla, kwa sababu kupata barua kutoka shule ya zamani au kurekebisha jina kwenye cheti kunaweza kuchukua wiki nyingi. Mwenzangu sasa ameweka kikumbusho chake hivyohivyo, na waraka mpya ameubandika ndani ya mlango wa kabati la ofisi ya walimu, kumbukumbu namba ikiwa imezungushiwa duara jekundu.