Pisini ya Goma: ziba hewa kwanza, asidi baadaye

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, alinipigia simu saa 12 asubuhi kuhusu pisini yake, yaani bwawa la kuogelea. "Shemeji, hii pisini inakunywa asidi kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nimemaliza bidoni ya tatu na pH bado ni 8.2." Nikamuuliza jambo moja tu: ile midomo inayorudisha maji, inatoa viputo? Akaenda kuangalia. "Inatoa, kama soda. Wageni wanapenda sana."

Hapo nikajua kwa nini bidoni zote tatu, madumu yale ya asidi, hazikuishusha pH. Naandika jinsi tulivyoitengeneza, maana jirani zake wawili wameshaniuliza jambo lilelile.

Maji tunayojazia pisini hapa mjini mengi yanatoka ziwani, na Ziwa Kivu si maji ya kawaida. pH, yaani kipimo cha uasidi (namba ikipanda, asidi imepungua), kwenye maji yake ya juu inakaribia 9, na ualkali wake, yaani ile bikaboneti iliyoyeyuka ndani, unapita miligramu 500 kwa lita. Pisini inataka 80 hadi 120. Ukimwaga asidi, bikaboneti inageuka kuwa gesi ya kaboni, pH inashuka, unafurahi. Lakini kama pampu inavuta hewa, viputo vinaifukuza ile gesi usiku kucha, kama chupa ya soda iliyofunguliwa na kutikiswa, na asubuhi pH imepanda tena. Ndiyo maana mimi sifungui bidoni ya asidi kabla hewa haijazibwa.

Hatua ya 1: pima

Tumia kipimo cha matone, kile cha vichupa. Vijikaratasi vya kuchovya sivitaki. Kwa ualkali wa maji yetu rangi yake inafika mwisho, halafu hujui kama una 300 au 600. Chota maji kina cha kiwiko, mbali na midomo ya kurudisha. Andika pH, ualkali na klorini.

Hatua ya 2: tafuta hewa inapoingilia

Hii ilinichukua siku mbili, kwa hiyo vumilia.

Kwanza elewa upande. Hewa inaingia kabla ya pampu tu, kwenye tiyo, yaani mabomba, za kuvuta. Baada ya pampu kuna msukumo, kwa hiyo tundu la huko linatoa maji nje, haliingizi hewa. Ukiona fundi anapaka silikone kwenye filtri ili kuondoa viputo, mlipe nauli ya pikipiki arudi kwake.

Angalia kina cha maji: kifike katikati ya skima, lile dirisha la ukutani linalomeza majani. Chini ya hapo skima inakunywa hewa, na umemaliza tatizo kwa ndoo kumi za maji. Angalia pia kile kibao kinachocheza ndani yake kisiwe kimekwama.

Kisha nenda kwenye pampu. Kifuniko cha kuonea cha kikapu cha majani kina mpira wa duara. Utoe, uoshe, ukunje kwa vidole ukitafuta nyufa ndogo. Paka grisi ya silikone. Usipake vaselini! Baadhi ya raba za pisini zinavimba zikipakwa mafuta ya petroli, na baada ya mwezi mpira haukai tena kwenye mfereji wake. Chini ya pampu kuna vizibo viwili vya kutolea maji, navyo vina mipira. Watu wanavisahau.

Kwa shemeji yote hayo yalikuwa mazima. Bado sindano ya manometa, kile kipimo cha msukumo, inacheza, bado viputo.

Hapo nikafanya kosa. Nilikumbuka kwamba baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 matetemeko yalitikisa mji siku nyingi, na ukuta wa shemeji ulipasuka wakati huo. Nikajiambia: tiyo imepasuka chini ya ardhi. Ardhi ya Goma mnaijua, ni mwamba wa lava. Nilivunja lava kwa nyundo kubwa nusu siku, nikafunua mita mbili za tiyo iliyokuwa nzima kabisa. Sentineli, mlinzi wa shemeji, alikuwa ameketi kwenye kivuli ananitazama. "Papa, unatafuta maji ama unatafuta dhahabu?"

Ningefanya hivi tangu mwanzo. Pisini ikiwa na tiyo mbili za kuvuta, ya skima na ya chini, funga vani, yaani koki, ya moja, subiri dakika 5, kisha badilisha. Viputo vikiisha ukifunga ya skima, tatizo liko kwenye laini hiyo. Visipoisha kwa yoyote, tatizo liko baada ya vani, mahali zinapoungana, kati ya hapo na pampu. Kwa shemeji havikuisha. Yaani eneo zima la kutafuta lilikuwa na urefu wa sentimita 60, na mimi nilikuwa nimechimba bustani.

Sasa chukua povu la kunyolea. Pampu ikizunguka, paka povu kila kiungo, kila shina la vani, pande zote hata chini. Tazama bila haraka. Penye tundu povu linafanya kishimo na kumezwa. Huna povu? Mwagia kiungo maji ya bomba la mpira taratibu: ukilowesha tundu, kwa muda huo linavuta maji badala ya hewa, na viputo kwenye kifuniko vinapungua mbele ya macho yako.

Povu lilimezwa kwenye kile kipande cha PVC chenye meno kinachojifunga kwenye mdomo wa pampu. Nilipokifungua meno yake yalikuwa yamelala, kama mshumaa uliokaa juani. Umeme ulikatika usiku, maji yakarudi pisini, umeme ukarudi saa tisa, pampu ikazunguka kavu. Maji machache yaliyobaki ndani yakachemka na PVC ikalegea. Kukizungushia utepe wa tefloni tabaka ishirini hakusaidii. Nimejaribu, inadumu wiki moja. Kata tiyo, weka rakori, yaani kiungo, mpya ya kufungua kwa mkono, safisha kabla ya kole, yaani gundi, na ukiwa na subira acha siku nzima kabla ya kuwasha. Na muwekee sentineli sheria: umeme ukikatika, zima swichi ya pampu, ukirudi, jaza kikapu maji kwa ndoo, funga kifuniko, ndipo uwashe. Hapa tuko mita 1,460 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, pampu inavuta kwa shida kuliko kitabu chake kinavyoahidi.

Hatua ya 3: shusha ualkali

Kabla ya asidi, tumia mvua. Maji ya mvua karibu hayana ualkali. Shemeji ana tangi la mabati ya paa. Tulitoa sehemu ya maji ya pisini tukajaza ya tangi, ualkali ukashuka hadi 290. Bure kabisa.

Asidi iwe hidrokloriki, ile mafundi wa vigae wanayosafishia sementi, si ya betri. Kama ni ya asilimia 32 au 33, mililita 20 kwa kila mita ya ujazo zinashusha ualkali kwa 10. Pisini yake ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.4, yaani karibu mita za ujazo 45: lita 0.9 kwa kila 10. Kutoka 290 hadi 120 ni lita 15 na ushee. Bila mvua angehitaji zaidi ya 34.

Usimwage zote siku moja. Lita moja, pampu ikizunguka, mbele ya mdomo wa kurudisha, upande wa kina kirefu. Subiri saa nne, pima. pH ikifika 7.0 simama hadi kesho. Vaa glovu na miwani, simama upande upepo unakotoka. Asidi inaingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Hatua ya 4: klorini

pH ikae 7.2 hadi 7.6, klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Kwenye 7.5 nusu ya klorini inafanya kazi, kwenye 8.5 ni kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo yule anayeongeza klorini kwenye pH mbaya anatupa hela.

Klorini ya chenga ya kalisi nimeikataa kwa maji ya ziwa. Niliwahi kuimwaga jioni, asubuhi pisini ikawa maziwa: kalisi imekutana na kaboneti. Tableti za trikloro zina asidi ndani, zinatusaidia, ila zinaacha asidi sianuriki, kemikali inayolimbikizana majini na isiyoondoka. Ikifika miligramu 50 kwa lita rudi kwenye javeli, klorini ya maji. Aina mbili za klorini usizichanganye kwenye chombo kimoja, na javeli isikae chumba kimoja na asidi. Zikichanganyika, gesi yake inaua.

Juzi shemeji alinitumia picha: pH 7.4, siku ya sita bila asidi. Mpira wa kifuniko nunua miwili, wa pili uufunge kwa kamba kwenye tiyo ya pampu, usije ukautafuta Jumapili.