Jinsi ya Kuweka Daftari la Kumbukumbu za Kisiasa: Mafunzo ya KANU Baada ya 2002

Tarehe 30 Desemba 2002, katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Daniel arap Moi alimkabidhi Mwai Kibaki madaraka mbele ya umati uliomzomea na kurushia msafara wake matope. Katiba ilikuwa imemzuia kugombea tena, na Uhuru Kenyatta, aliyemteua kumrithi, alipata takriban asilimia 31 ya kura huku Kibaki akipata asilimia 62. KANU, chama cha Moi kilichotawala tangu 1963, kilikuwa kimeng'oka, na Wakenya wengi waliamini kwamba yaliyopita yameondoka nacho. Hata hivyo, rais mpya mwenyewe alikuwa Makamu wa Rais wa Moi kwa miaka 10, George Saitoti aliyeingia katika baraza la mawaziri la NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Kibaki madarakani, alikuwa ameshika wadhifa huohuo kwa zaidi ya miaka 10, na Raila Odinga alikuwa Katibu Mkuu wa KANU hadi miezi michache kabla ya uchaguzi. Wapiga kura waliadhibu jina la chama, na waliokijenga chama wakahamia kwingine.

Mwongozo huu ni wa mpiga kura, kikundi cha vijana au chama cha akina mama wanaotaka kuweka kumbukumbu za siasa za eneo lao kwa namna ambayo mgombea anayebadilisha kofia hawezi kuifuta.

Anza na daftari nene, na kila ukurasa uupe jina la mtu mmoja aliyewahi kuwania au kushika wadhifa wa umma katika eneo lako. Usiupe ukurasa jina la chama, kwa sababu vyama vyetu huundwa na kuvunjwa kila baada ya uchaguzi mmoja au miwili. Chora safu nne: mwaka, chama alichokuwemo, alichokifanya au kukisema hadharani, na ushahidi wa jambo hilo. Kwa mfano, ukurasa wa Kibaki ungeonyesha kwamba mnamo Juni 1982, Bunge lilipopitisha kifungu cha 2A na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, yeye alikuwa Makamu wa Rais. Kwamba mwaka 1988 alishushwa hadi Wizara ya Afya. Kwamba mwaka 1991 alinukuliwa akisema kuwa kuiondoa KANU ni sawa na kuukata mti mkubwa wa mugumo kwa wembe. Na kwamba Desemba ya mwaka huohuo, kifungu cha 2A kilipokwisha kufutwa, alijiuzulu serikalini na kuunda chama cha DP. Mstari wa 2007 ungeongeza kwamba Moi, yule aliyezomewa siku ya makabidhiano, ndiye aliyemuunga mkono agombee kwa muhula wa pili. Ukurasa kama huo haumhukumu mtu. Unamwezesha msomaji kuuliza maswali ambayo hotuba ya kampeni isingempa nafasi ya kuyauliza.

Safu ya ushahidi ndiyo yenye kazi kubwa, na usiiache wazi. Kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge huonyesha nani alisema nini na siku gani, na Gazeti Rasmi la Serikali huonyesha nani aliteuliwa na nani alifutwa. Magazeti ya zamani yanaweza kusomwa katika jengo la Nyaraka za Taifa, ambalo, kwa bahati, liko kwenye barabara ya Moi Avenue jijini Nairobi. Ripoti za tume zina uzito wa pekee. Ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila yaliyotokea Bonde la Ufa, Likoni na kwingineko katika miaka ya 1990, ilichapishwa mwaka 2002, na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa mwaka 2013. Zisome mwenyewe, walau sura zinazohusu eneo lako, maana wanasiasa wamezoea kuzinukuu nusunusu. Penye tuhuma, andika tuhuma. Penye uamuzi wa mahakama, andika uamuzi pamoja na tarehe yake.

Baada ya maandishi, nenda kwa wazee, na hapa usifanye haraka. Ukimwuliza mzee kama utawala wa Moi ulikuwa mzuri au mbaya, utapata jibu ambalo ameshalitoa mara nyingi na ambalo hufuata siasa za leo za kijiji chake kuliko mambo aliyoyaona. Mwulize jambo alilolifanya kwa mwili wake. Kwa waliopiga kura mwaka 1988, swali linalofungua mlango ni hili: “Mzee, katika mlolongo ulisimama nyuma ya picha ya nani?” Kura za mchujo za mwaka ule zilipigwa kwa watu kupanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au ajenti aliyeshika picha yake, maofisa wakahesabu vichwa, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 akawa amepita bila kupingwa. Katika sehemu kadhaa foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Mzee aliyesimama juani akaiona foleni yake ikikanushwa atakumbuka jina la chifu, uwanja wenyewe, na nani aliondoka mapema kwa hofu. Pale tarehe zinapompotea, mpe vigingi vya kushikilia: ilikuwa kabla au baada ya watoto kuanza kunywa shuleni maziwa ya bure ya Nyayo, yaani 1979? Kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982? Njaa ya 1984? Maandamano ya Saba Saba ya 1990?

Wahoji watu wa pande zote mbili. Aliyefukuzwa Molo katika mapigano ya 1992 na aliyekulia Kabarnet, nyumbani kwa Moi, hawamkumbuki Moi kwa namna moja, na mimi naamini kwa dhati kwamba daftari lenye sauti ya upande mmoja lina madhara kuliko kutokuwa na daftari. Usiandike majina ya wananchi wa kawaida walioumizwa au wanaotuhumiwa kuumiza majirani. Andika mahali, mwaka na wadhifa tu.

Mema na mabaya yapewe mistari tofauti, bila kutoana. Maziwa ya shule yalikuwa ya kweli, na waliokunywa wana haki ya kuyashukuru. Vyumba vya mateso vya Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, ambavyo serikali iliwafungulia wananchi mwaka 2003, vilikuwa vya kweli pia. Moi alipofariki tarehe 4 Februari 2020, wengi waliowahi kumpinga walisimama kumsifu, kama mila zetu za msibani zinavyotaka. Maneno ya namna hiyo yaandikwe, ila kando yake uandike kwamba yalisemwa matangani.

Ili kujua kama uaminifu wa watu ni kwa chama, kwa familia au kwa jamii, linganisha matokeo ya eneo moja kwa chaguzi nne au tano. Baringo, alikotoka Moi, inafundisha mengi. Mwaka 2002 Gideon Moi, mwanawe, aliingia Bungeni kutoka Baringo ya Kati bila kupingwa. Mwaka 2007 yeye na ndugu zake Jonathan na Raymond waliwania viti vitatu tofauti kwa tiketi ya KANU, na wote watatu wakashindwa na wimbi la ODM, chama cha Raila Odinga. Mwaka 2013 Gideon alichaguliwa seneta kwa tiketi ileile ya KANU, akarudishwa 2017, kisha 2022 akabwagwa na mgombea wa chama cha UDA. Anayesema kwamba watu wa huko ni wa KANU damu hajatazama takwimu. Kwa sehemu kubwa kura zao zimefuata mwelekeo wa jamii na wa viongozi wanaoonekana kuwa na nguvu wakati huo.

Kagua pia jina lako mwenyewe. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba walikuwa wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua. Msajili wa Vyama vya Siasa ameweka huduma ya kukagua uanachama na kujiondoa kupitia eCitizen.

Daftari litolewe wakati wa mchujo, kabla ya kampeni za mwisho, kwa kuwa katika ngome nyingi mshindi wa tiketi huwa ndiye mshindi wa kiti. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, piga nakala ya ukurasa wa kila mtu anayetafuta tiketi, umpelekee kabla ya mkutano ili apate nafasi ya kusahihisha, kisha umsomee mstari mmoja mbele ya watu na umwombe aeleze alifanya au kusema nini siku hiyo, na kwa nini.